Fungu

Saa moja asubuhi nashuka chini ya daraja la Igawa,
malori ya Tunduma yakinitikisia utosi,
nasoma ubao wa namba uliosimikwa majini.
Sifuri nukta nne mbili.
Naandika. Daftari gumu, kalamu ya bluu,
miaka kumi na moja. Siku moja tu sikwenda,
siku tuliyomzika mama,
na hiyo nayo binti yangu Lusubilo alishuka badala yangu
akaandika kwa penseli, kwa heshima.

Posho yangu ilikuwa kama mvua ya Usangu mwezi wa kumi:
unaisikia ikinguruma huko Kipengere,
haifiki.

Kisha barua. Bibi na bwana wameshika ngao.
*Serikali imetenga fungu la utafiti shirikishi
kwa usimamizi wa rasilimali za pwani na bahari.*
Nikageuza bahasha: kweli ni mimi,
Ambakisye Mwalwiba, msoma kipimo.
Bahari? Sisi ambao Juni tunalala na makoti?
Na fungu nilijualo ni la nyanya,
nne kwa mia tano, ya chini imeoza.

Walikuja watatu. Mbele yao Somoe,
mtoto wa delta ya Rufiji, buti zimemzidi mguu,
na chupa ishirini, na sanduku la barafu.
Akasema, "Kamba wetu wanapungua."
Nikamjibu, kamba zipo, dukani kwa Mgaya,
za katani, za nailoni. Unataka kufunga nini?
Alicheka mpaka akakalia ndoo.

Halafu akachora mchangani kwa kijiti:
hapa Mbarali, hapa ihefu, hapa Ruaha Mkuu,
mabwawa, Rufiji, mikoko,
na katikati ya mizizi ya mikoko, wadogo kama kope,
kamba
wakingoja maji matamu yaonje chumvi
ndipo wakue.
"Unayoyahesabu wewe," akasema, "ndiyo wanayoyangoja wao."

Usiku ule sikulala vizuri.
Miaka kumi na moja nahesabia viumbe
ambao sijawahi hata kuwasalimu.

Mwezi wa kumi mwenyekiti wa skimu alikuja na pikipiki.
Vitalu vya mpunga vimepasuka, akasema,
na bonde wakiona namba yako watafunga lango.
"Ongeza sentimita tano tu, Ambakisye.
Karatasi haina kiu."
Hakuwa mtu mbaya. Vitalu vile
vilikuwa vya shemeji zangu pia,
na wali ulionikuza ulitoka matopeni humo humo.
Sikuwa na jibu la maana.
Nilisema, wino huu ni wa bluu, haufutiki.

Lango lilifungwa siku nne.
Siku zote nne mke wangu alinipakulia ugali,
na mboga,
na kimya.

Hela iliingia Novemba: ubao mpya, buti zangu mwenyewe,
malimbikizo ya miezi mitatu kati ya kumi na minne.
Iliyobaki, wamesema, ipo kwenye mchakato.
Mchakato nao una kiangazi chake.

Somoe alipiga simu, upepo mwingi upande wake.
Nikamlalamikia kuhusu fungu.
Akasema kwao fungu ni mchanga unaoinuka maji yakipwa,
mtu anasimama katikati ya bahari asizame.
Basi hilo ndilo walilotutengea, nikasema.
"Ndilo," akajibu. "Ila maji hujaa tena, kaka.
Pima haraka."

Leo ni sifuri nukta tatu moja.
Lusubilo ameshika daftari, kidole kwenye mstari,
anauliza, hiyo ni kamba wangapi?
Sijui, namwambia.
Andika.